Hobi ya Baba Iletwe Sebuleni

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi kuna baba wa aina ambayo bibi zetu hawakuizoea. Ana miaka 28 au 32, ana mtoto mmoja au wawili, na moyo wake uko kwenye mitambo. Akitoka kazini hapiti kijiweni wala baa. Anafika nyumbani mapema, anasalimia, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye meza yake ya pembeni, palipo na kompyuta aliyoiunga mwenyewe, redio aliyoifumua, gemu alizoanza kuzicheza akiwa sekondari, au programu anayoiandika usiku kucha bila kulipwa na mtu. Mkewe ana lalamiko moja, na analirudia kwa mashoga zake kila wanapokutana: mume yupo ndani ya nyumba, lakini hayupo. Wakwe nao huona kwamba huo ni utoto uliogoma kuisha. Mwanamume mzima, baba wa watoto, anashindaje na bisibisi na vitaa?

Lalamiko la mke ni la haki. Ninachokipinga ni dawa anayoandikiwa mume huyo, yaani aache makorokoro yake ili awe baba. Ushauri huo unachukulia kwamba hobi na watoto ni wake wenza wanaogombania mume mmoja, akimpa huyu siku, yule anakosa. Mimi nasema baba mtundu wa mitambo asiiache hobi yake. Aitoe chumbani ailete sebuleni, awaweke watoto ndani yake, na akubali kwamba kuanzia siku hiyo hobi itakwenda polepole, vitu vitaharibika, na kazi iliyokuwa ya jioni moja itachukua wiki mbili. Akikubali bei hiyo, atawapa wanawe kitu ambacho si shule wala televisheni inayoweza kuwapa. Akiikataa, basi malalamiko ya mkewe yatabaki kuwa kweli hata akinunua zawadi za dunia nzima.

Mfano unaonisadikisha zaidi ni wa Gary Gygax, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1938 na kukulia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Alioa mwaka 1958 akiwa na miaka 20, akapata kazi katika kampuni ya bima, na watoto wakafuatana hadi wakafika watano. Saa zake za mapumziko alizitoa kwa michezo ya vita ya mezani, ile inayotumia ramani kubwa, vijisanamu vya askari, dadu na kanuni nyingi za kukokotoa nani kashinda. Alikuwa akitoka jioni mara kwa mara, tena bila maelezo ya kutosha, hata mkewe, Mary Jo, akiwa na mimba ya mtoto wao wa pili, akaamini kwamba mumewe ana mwanamke wa nje. Siku moja akamfuata ili amfumanie. Alimkuta kwenye chumba cha chini cha nyumba ya rafiki yake, amekaa na wanaume wenzake wameizunguka meza iliyofunikwa ramani. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekesha kwa mwanamke mwenye mimba anayezunguka mji usiku akimtafuta mumewe. Hakukuwa na mwanamke mwingine, lakini upweke wake ulikuwa wa kweli.

Miaka kadhaa baadaye hobi ileile ilichukua sura nyingine. Gygax alikuwa amepoteza kazi ya bima mwaka 1970 na alikuwa akitengeneza viatu ili familia ile. Mwishoni mwa 1972 alionyeshwa na Dave Arneson, mpenzi mwenzake wa michezo hiyo kutoka Minnesota, namna mpya ya kucheza ambamo mtu haongozi jeshi zima. Anakuwa mhusika mmoja tu ndani ya hadithi, na kuna msimulizi anayemweleza kilicho mbele yake. Yeyote aliyekulia kwenye paukwa na pakawa ataielewa haraka, ila hapa msikilizaji naye anaamua hadithi iende wapi, na dadu zinaamua kama amefaulu. Gygax alichora kasri lenye mahandaki chini yake, akaliita Greyhawk. Watu wa kwanza aliowakaribisha kuingia humo hawakuwa wale marafiki wa ramani. Walikuwa mwanawe Ernie na binti yake Elise.

Usiku ule wa kwanza watoto hao wawili walipambana na adui wa kwanza wa mahandaki. Baba yao alipokuja kusimulia baadaye hakuwa na hakika kama walikuwa tandu wakubwa au nge. Kisha wakapata hazina yao ya kwanza, sanduku lenye sarafu 3,000 za shaba. Lilikuwa zito mno, hawakuweza kulibeba, wakasononeka. Baba angeweza kuwaonea huruma akasema haya, bebeni. Hakufanya hivyo, maana uzito ni uzito, na ulimwengu unaonyumbuka kila mtoto anaponuna haumfundishi kitu. Walipokwenda kulala, palepale akaanza kuchora ghorofa ya pili ya mahandaki. Mchezo huo ulitolewa rasmi mwanzoni mwa 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, nakala 1,000 tu, zikapangwa kwa mkono ndani ya masanduku, na ukaja kuzaa aina nzima ya michezo na gemu za kompyuta ambazo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanazicheza leo. Jina la mhusika wa Ernie, Tenser, limo bado ndani ya kanuni za mchezo huo. Simfanyi Gygax mtakatifu. Ndoa yake na Mary Jo ilivunjika miaka ya 1980, na hakuna mchezo wa mezani unaoweza kudaiwa kuokoa ndoa. Ninachokitazama ni tofauti ya zile jioni mbili. Mtu ni yuleyule, ugonjwa wake wa dadu na ramani ni uleule, lakini jioni ya kwanza familia ilimkosa, na ya pili ilimpata akiwa katika ubora wake.

Gygax si wa pekee. Miaka sabini kabla yake, Frank Hornby alikuwa karani huko Liverpool, Uingereza, katika kampuni iliyoagiza nyama kutoka nje. Hakusomea uhandisi. Alipenda tu kuunda vitu katika karakana ndogo ya nyumbani, na alikuwa na watoto wa kiume waliomzunguka akiunda. Akawakatia vipande vya bati vyenye matundu yaliyopangwa kwa umbali sawa, vya kufungwa kwa nati na bolti, ili vipande vilevile viwe daraja leo na winchi kesho. Mwaka 1901 alipata hataza ya ubunifu huo, na baadaye dunia ikaujua kwa jina la Meccano. Ubunifu wenyewe ulitokana na shida ambayo watoto huileta: kila kukicha wanataka kitu kingine. Angekuwa anajichongea peke yake, angeridhika na winchi moja nzuri na kuiweka kabatini. Watoto walimlazimisha aunde kitu kinachofumuliwa.

Nadhani siri iko kwenye namna mtoto anavyomsoma mzazi. Wazazi wengi wa mjini tumefundishwa kuwatengea watoto muda maalumu: Jumapili tunakwenda bembea, tunanunua aiskrimu, huku macho yakiwa kwenye simu. Mtoto anajua. Anajua baba anapochoka, anajua baba anapoigiza, na kukaa karibu na mtu mzima anayeigiza kunamfunza kuigiza. Lakini baba anayefungua redio mbovu kwa sababu kweli anataka kujua kwa nini imekufa haigizi. Uso wake wote uko pale. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliishi na Waaka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, na katika kitabu chake cha 1991 akaonyesha kwamba akina baba wa Kiaka huwa wamewabeba watoto wao wachanga, au wako nao umbali wa kunyoosha mkono, kwa karibu nusu ya muda wa siku. Hawatengi saa ya mtoto. Kazi za mume na mke zimeingiliana, wanakwenda pamoja kuwinda kwa nyavu, na mtoto yumo ndani ya kazi. Wanaodai kwamba baba wa Kiafrika wa asili hakuwahi kulea mtoto mchanga wawatazame Waaka kwanza. Na huku kwetu pia mtoto wa fundi seremala alikulia kwenye maranda ya mbao, wa mvuvi alikulia ndani ya ngalawa. Ni kazi za ofisini zilizomwondoa baba machoni pa mtoto, hata mtoto wa leo ukimwuliza baba yako anafanya nini atakujibu "anakwenda kazini" na hana la kuongeza. Steve Wozniak, aliyeunda kompyuta za kwanza za Apple, alikuwa na baba mhandisi aliyefanya kazi za siri, asiyeruhusiwa kusema nyumbani anaunda nini. Lakini umeme wenyewe haukuwa siri. Wozniak ameeleza jinsi baba yake alivyomfafanulia tangu utotoni kazi ya kila kifaa, akianzia chini kabisa, kwenye jinsi chembe za umeme zinavyosafiri ndani ya waya. Kwa baba wa leo ambaye kazi yake ni jedwali na vikao, hobi ndiyo mahali pekee ambapo mtoto anaweza kumwona akifanya kitu kwa mikono na akili.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Hobi ya mitambo humwonyesha mtoto mtu mzima akishindwa. Shuleni mwalimu analijua jibu tangu mwanzo. Nyumbani mzazi ana neno la mwisho. Mtoto anaweza kufika miaka kumi bila kuwahi kumwona mkubwa aliyekwama, asiyejua, na asiyekasirika. Chukua jaribio dogo kabisa. Betri mbili za rimoti zimepangwa moja nyuma ya nyingine na kufungwa kwa tepu, jumla volti 3. Kuna taa ndogo nyekundu ya LED, waya mbili, na rizista ya ohmu 100 ya kuilinda taa isiungue. Taa ina miguu miwili, mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Mtoto wa miaka sita anaunganisha kila kitu kwa uangalifu, ulimi nje, na taa haiwaki. Hapo ndipo baba anapopimwa. Mwenye haraka atanyoosha mkono, atageuza miguu ya taa, itawaka, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba baba anajua. Mwenye subira atauliza tu: sasa tubadilishe kitu gani, kimoja tu? Mtoto atabadilisha betri. Haiwaki. Atabadilisha waya. Haiwaki. Mwisho ataigeuza taa, mguu mrefu uelekee upande wa chanya, na mwanga mwekundu utatokea. Amejua kwamba umeme una upande wa kwenda, na jambo hilo atalikuta tena kwenye kitabu cha fizikia miaka minane baadaye. Lakini pia amejua namna ya kulitafuta kosa: unagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, unatazama, unaendelea. Hiyo ndiyo kazi nzima ya fundi wa magari, daktari na mwandishi wa programu, na imefundishwa kwa vitu vya bei ya soda.

Sasa zije hoja za wanaopinga, na ya kwanza nitaipa nafasi kubwa kwa sababu inaumiza. Mama wa nyumba anaweza kusema: maneno mazuri, lakini wakati baba na watoto wanacheza na vitaa, nani anapika, nani anafua, nani atasafisha meza iliyojaa vipande vya waya? Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia kwenye kazi za nyumbani zisizo na malipo muda unaozidi ule wa wanaume mara kadhaa, na sidhani kuna mwanamke wa Tanzania, Uganda au Kongo atakayeshangaa. Sheria zetu zenyewe zinaonyesha baba alihesabiwaje. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa baba aliyepata mtoto likizo ya angalau siku 3. Ile ya Kenya ya 2007 ilimpa wiki mbili. Katika siku tatu hujamaliza hata kupokea wageni. Kwa hiyo nakubali: hobi ya baba inayoongeza kazi ya mama ni dhuluma, hata ikiwa na watoto ndani yake. Ndiyo maana nasema saa ya hobi iwe zamu ya ulezi kwa ukamilifu wake. Mtoto akitaka choo, baba ndiye anayempeleka. Wakigombania koleo, baba ndiye anayeamua. Njaa ikiingia katikati, baba anaacha redio wazi mezani anakwenda kukoroga uji. Meza inasafishwa na walioichafua, mdogo akiwa na kazi yake ya kuokota skrubu na kuziweka kwenye kopo. Ikiwa mama ameitwa hata mara moja kusuluhisha, zamu hiyo haihesabiwi. Na saa ile ni ya mama, alale, asome, aende kwa shoga yake, au naye akae mezani kama hobi ni yake pia. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa kurasa za intaneti mwaka 1989, ni mtoto wa wazazi wawili waliofanya kazi kwenye kompyuta ya kampuni ya Ferranti, Conway Berners-Lee na Mary Lee Woods. Alipokuwa mdogo aliunda kompyuta za kuigiza kwa maboksi ya kadibodi. Mama alikuwa mtaalamu wa mitambo sawa na baba. Na Elise Gygax aliingia mahandakini mwaka 1972, wakati wachezaji wa michezo ile walikuwa karibu wote wanaume. Baba anayemwita mwanawe wa kiume mezani na kumwacha binti aende jikoni ameharibu kazi kabla hajaianza.

Wengine watasema hobi zote hizi zinaishia kwenye skrini, na skrini zinawala watoto. Hofu hii ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Baba mpenda gemu anayempakata mtoto wa miezi kumi huku anacheza mpira wa kwenye televisheni asijidanganye kwamba wako pamoja. Lakini tuangalie tena mifano tuliyoitaja. Mchezo wa Gygax ulihitaji penseli, karatasi na dadu. Wa Hornby ulihitaji bati. Maboksi ya Berners-Lee yalikuwa maboksi. Utundu wa mitambo hauna lazima ya skrini, na kwa watoto wadogo ni vizuri usiwe nayo. Wakikua kidogo, labda wa miaka minane na kuendelea, kompyuta iingie kama kifaa cha kuundia. Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya MIT huko Marekani, humwezesha mtoto kutunga gemu yake kwa kuunganisha amri kama vipande vya kuchezea, na ina Kiswahili ndani yake. Mtoto aliyetumia mchana mzima kumfanya paka aruke ukuta kwenye Scratch amechoka kwa namna tofauti na aliyetazama katuni kumi mfululizo. Yeye amekuwa akiamua.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ni kweli kwamba kuna hobi za kitajiri, na baba anayenunua droni wakati ada haijalipwa hana utetezi wowote katika ukurasa huu. Lakini vifaa vimeshuka bei sana. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotosha kiganjani, ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 35. Na hata hiyo si ya lazima. Mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wale wa Luthuli Avenue kule Nairobi, wana redio na rimoti zisizotengenezeka tena. Magari ya makopo na waya ambayo watoto wetu wameyaunda miaka yote ni uhandisi kamili. Baba akiongeza mota ndogo na betri, usukani unaanza kuwa na maana nyingine. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada, akasoma kitabu cha nishati kwenye maktaba ya kijiji, na mwaka 2002 akasimamisha kinu cha upepo alichokiunda kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Umaskini ulimnyima mengi, ila makorokoro hayakukosekana.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote hizo ni baba kumgeuza mtoto kuwa hobi yake. Hungaria alikuwepo László Polgár, aliyeamini kwamba kipaji hutengenezwa, akawasomesha binti zake watatu sataranji nyumbani. Mdogo wao, Judit, alipata cheo cha juu kabisa cha mchezo huo mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Matokeo ni ya ajabu, na kwa hiyo yanashawishi. Lakini hata katika familia ile husimuliwa kwamba dada mkubwa, Zsuzsa, ndiye aliyeikuta seti ya sataranji kabatini akiwa na miaka minne na akataka kuijua. Wengi wanaomwiga Polgár wanaisahau sehemu hiyo. Mtoto akisema hataki redio leo, anataka kuchora, achore, iwe ataichora ile redio au la. Akiwa na miaka kumi na miwili anaweza kuiacha kabisa meza ya baba na kwenda kwenye mpira, na baba atabaki na kisanduku cha rizista na nusu ya gemu iliyoachwa. Huo si ushinde. Atakuwa ameondoka akijua kulitafuta kosa.

Mwisho, msomaji makini ataniambia kwamba nimewataja waliofanikiwa tu, Wozniak na Berners-Lee, na kwamba kwa kila mmoja wao kuna maelfu ambao baba zao walifungua redio na hakuna aliyewasikia. Ni kweli kabisa, na ningekuwa nadai kwamba hobi ya baba inazaa wavumbuzi, hoja yangu ingeanguka hapo. Sidai hivyo. Nimewataja kwa sababu maisha yao yameandikwa, tunaweza kuona ndani ya nyumba zao. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana kwa kila nyumba: kwamba mtoto anaweza kumjua baba yake. Ajue anapenda nini, anafikirije, anafanya nini akikwama. Mabinti na vijana wengi wanazika baba zao bila kujua hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na baba hao hawakuwa wabaya. Walitoka asubuhi, walirudi usiku, walilipa ada.

Kwa hiyo nakuomba, baba kijana unayesoma haya huku kompyuta yako ikikungoja. Jumamosi hii usiwashe skrini. Tafuta kifaa kimoja kilichokufa, redio au rimoti au kichezeo. Hakikisha hakijachomekwa ukutani, maana volti 230 si za kuchezea, na usiguse betri ya simu iliyovimba. Chuma cha kulehemu kiweke juu ya kabati hadi mtoto awe mkubwa. Tandika gazeti sakafuni, leta bisibisi na kopo la skrubu, mwite binti na mvulana pamoja, mwambie mama yao kwamba saa mbili zijazo ni zake. Kisha mpe mtoto bisibisi, wewe shika tochi.